Kifungu cha Viatu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya pili ya mtihani, mtahiniwa namba 2217 alitoweka.

Ndivyo kumbukumbu ilivyosema, na Daktari Kokugonza alikuwa mtu wa kuamini kumbukumbu. Hata hivyo aliirudisha nyuma akaitazama tena. Kwenye skrini, umbo la kijivu lisilo na uso wala jinsia liliingia Chumba cha 17, likakikaribia kitanda alicholalia Mzee Mpira, kisha likazama. Halikutoka mlangoni. Lilizama tu, kama jiwe kisimani. Kikabaki kitanda, mgonjwa, na ukuta mweupe. Chini ya picha yakatokea maandishi mekundu: MTAHINIWA AMEONDOKA KITANDANI. Saa ya adhabu ikaanza kuhesabu.

"Daktari?" aliita Mzee Mpira, maana aliundwa aite kila anapoachwa peke yake. "Daktari, umekwenda wapi?"

Katika nyaraka za Chuo cha Tiba Isimba aliitwa Mgonjwa Sanifu. Jina la Mzee Mpira alipewa na watahiniwa wenyewe, na lilimfaa: mwili wa mpira wenye mapigo ya moyo, jasho, miguu iliyovimba na pumzi yenye harufu ya ugonjwa. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na mitatu anayelalamika tumbo. Nakala zake arobaini zililazwa katika vyumba arobaini, na kila kijana aliyetaka udaktari alikaa na mmoja wao kwa dakika kumi na mbili. Mwaka huu walikuwa elfu sita na mia nne. Nafasi zilikuwa mia tatu. Mtihani ulifanywa mara moja tu maishani.

Namba 2217 aliibuka baada ya dakika mbili, akampima Mzee tumbo, akazama tena. Alifanya hivyo mara nne. Kati ya dakika zake kumi na mbili, sita hakuwepo. Alipata alama thelathini na moja. Mstari wa kufaulu ulikuwa sabini na nne.

Daktari Kokugonza angeweza kumwacha hapo. Alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Udahili, na wajibu wake wa siku ile ulikuwa kupitia kumbukumbu mia mbili zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha kutia saini kabla ya saa sita mchana. Saini hiyo ndiyo ingeyafanya matokeo ya awali yawe matokeo. Mia tatu walikwisha kupata barua jana. Tangu saa moja asubuhi familia zao zilikuwa zimejaa langoni na mashada na matarumbeta, na vigelegele vilipanda hadi ghorofa ya tatu.

Kilichomzuia ni mstari mmoja mwembamba pembeni mwa skrini, ambao wakaguzi huwa hawausomi: joto la kiganja cha kulia cha mgonjwa. Mtahiniwa alipokuwapo, kiganja kilikuwa na nyuzi ishirini na tisa. Mtahiniwa alipotoweka, kilipanda hadi thelathini na nne, kikakaa hapo hadi aliporudi.

Alikagua mara zote nne. Mara zote nne ilikuwa hivyo hivyo.

Mtu asiyekuwepo hana joto. Kokugonza aliinua simu.

"Rukia, njoo chumba cha ukaguzi. Njoo na mchoro wa macho ya mashine."

"Leo, Dokta? Zimebaki saa tatu."

"Ndiyo maana nasema njoo."

*

Injinia Rukia Ngwali alifika na kikombe cha chai mkononi na uso wa mtu aliyekatizwa. Ndiye aliyemuunda Mzee Mpira, na ndiye aliyeunda Msahihishaji, mashine ya pili inayotoa alama. Yeye na Kokugonza walifanya kazi pamoja miaka tisa bila kupendana, na hakuna aliyejisumbua kulificha hilo.

"Kiganja hiki," Kokugonza alisema. "Nani alikishika?"

Rukia alitupa jicho mara moja. "Mtahiniwa."

"Mtahiniwa hayupo."

"Hayupo kwa nani?" Rukia aliweka kikombe juu ya faili la Kokugonza, akijua fika kwamba hilo humkera. "Mzee ana masikio yake mwenyewe na ngozi yake mwenyewe. Msahihishaji ana macho yake ukutani. Hao wawili hawajuani. Na macho ya ukutani hayaoni chochote chini ya godoro. Kuanzia sakafuni hadi sentimita themanini ni giza."

"Kwa nini?"

Rukia alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Unaniuliza mie? Kifungu cha tisa, Dokta. Kifungu cha viatu. Si chako?"

Kilikuwa chake. Sheria ya Pazia ilikuwa na vifungu ishirini na viwili, na Kokugonza aliandika vifungu kumi na tisa kwa mkono wake. Pazia lilifuta kila kitu ambacho binadamu humtambulia mwenzake: jina, mkoa, shule, sura, sauti. Mtahiniwa alivaa joho na barakoa ya kijivu, na kifaa shingoni kiligeuza sauti za wote kuwa sauti moja. Kifungu cha tisa kiliongeza: *Sehemu yoyote ya mwili wa mtahiniwa iliyo chini ya usawa wa kitanda isionekane wala isirekodiwe.*

Hakukiandika kwa hasira. Alikiandika kwa ushahidi. Mwaka 2038, akiwa na miaka kumi na tisa, aliketi mbele ya watu watano waliokuwa na mamlaka ya kumpokea au kumrudisha kwao. Alivaa yeboyebo za plastiki, ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa wavu. Mwenyekiti aliinama kidogo, akachungulia chini ya meza, akauliza, "Binti, na wodini utaingia hivyo hivyo?" Wenzake wakacheka. Hakupata. Mwaka uliofuata, enzi hizo mtu akiruhusiwa kurudia, alikwenda mbele ya watu wale wale, akaulizwa maswali yale yale, akatoa majibu yale yale, amevaa viatu vya binamu yake. Alipata alama kumi na tisa zaidi. Tangu hapo hakuwahi kuhitaji maelezo mengine kuhusu macho ya watu.

"Huko chini anafanya nini?" aliuliza sasa.

"Anaongea."

"Msahihishaji anasikia?"

"Anasikia, halafu anatupa. Mwaka wa kwanza sauti zilikuwa zinapenya ukutani kutoka chumba cha pili. Tukampa kanuni: sauti isiyo na mwili ni kelele. Mwili haupo, basi kila kinachosemwa ni kelele." Rukia alinyoosha mkono hadi kwenye kitufe. "Unataka kusikia kelele?"

Kokugonza alipaswa kusema hapana. Kifungu cha nne kilikuwa wazi, na hicho pia kilikuwa chake: yeyote atakayetambua, au kujaribu kutambua, asili ya mtahiniwa kwa njia yoyote, amefunua Pazia. Hakumzuia, na Rukia akabonyeza.

"Shikamoo, baba," ilisema ile sauti moja isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

"Marahaba." Halafu, mara moja: "Daktari? Umekwenda wapi?"

"Nipo hapa chini, baba. Nimekushika mkono. Umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama yuko wapi, mbona hakukusindikiza?"

"Kabaki na wajukuu."

"Na shambani mmeshapanda? Mvua imewafikia?"

"Kidogo. Ya kudanganya tu."

Iliendelea hivyo, swali na jibu, bila haraka, sekunde arobaini nzima. Kisha Mzee Mpira akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna mizizi nachemsha. Mwezi wa pili sasa. Hawa wengine sikuwaambia."

"Zima," Kokugonza alisema.

Alikwisha kuchelewa. Alijua kwamba huyo mtu amepiga magoti. Alijua namna anavyopiga, goti la kushoto likitangulia, mkono mmoja ukiwa juu ya mkono wa mzee na mwingine kifuani, kwa sababu yeye mwenyewe alisalimia hivyo hadi siku alipoanza wodini na mwalimu wake akamwambia mbele ya wagonjwa, "Inuka. Daktari husimama." Aliinuka. Hakupiga magoti tena kwa miaka thelathini. Na sasa alijua, kwa kiasi ambacho sheria inakataza, mtahiniwa 2217 alilelewa katika nyumba za aina gani na pande zipi za nchi.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Nikihesabu ni kosa."

"Kosa nimeshalifanya mimi. Hesabu viganja."

Rukia aliandika amri fupi. Jibu lilikuja kabla hajaufikia tena mkono wa kikombe. Viganja vilivyopata joto mtahiniwa akiwa ameandikwa hayupo: mia nne na kumi na mbili. Waliofaulu kati yao: sifuri.

"Mwaka jana?"

"Sifuri. Mwaka juzi sifuri. Miaka yote tisa, watu elfu tatu na mia tano na sita. Sifuri."

"Na mizizi?"

"Mizizi ndiyo jibu la mtihani mzima, unajua. Figo zake zinakufa kwa mizizi. Nilimjenga kutokana na mazungumzo elfu kumi na nne ya wagonjwa wa kweli kwenye zahanati za vijijini, na wagonjwa hao hawamwambii mambo ya mizizi mtu asiyewasalimia akamaliza." Rukia alisoma kwenye skrini. "Hawa wako mia nne na kumi na mbili, waliambiwa mia mbili tisini na mmoja. Hao mia tatu wanaopigiwa vigelegele hapo nje, waliambiwa sitini na sita."

Asilimia sabini na moja. Asilimia ishirini na mbili. Kokugonza aliziandika zote mbili kwenye karatasi.

"Ulijua," alisema.

"Nilikuandikia." Rukia hakupandisha sauti. "Miaka sita iliyopita. Kurasa mbili. 'Kuna sauti zisizo na mwili, ni nyingi mno kuwa za chumba cha pili, naomba ruhusa nichunguze ni za nani.' Ukanijibu kwa sentensi moja. Naikumbuka neno kwa neno: 'Kuuliza ni za nani ni kufunua Pazia, ombi limekataliwa.' Hata jina langu hukuliandika juu."

"Lilikuwa jibu sahihi kisheria."

"Wallahi lilikuwa sahihi. Ndiyo maana nakuchukia nalo hadi leo."

*

Mkuu wa Chuo, Profesa Shemzigwa, aliwapokea akiwa amesimama dirishani, akipungia mkono familia zilizo langoni. Alivaa suti ya sherehe. Alisikiliza hadi mwisho bila kugeuka.

"Kwa hiyo tumewaonea watu," alisema, "kwa kuwa wamepiga magoti mbele ya mdoli."

"Kwa kuwa mashine haikuwaona walipopiga magoti."

"Daktari hapigi magoti."

"Hicho si kigezo. Nimesoma vigezo vyote arobaini na vinne, hakimo. Wamepoteza alama kwa kutokuwepo, nao walikuwepo. Maswali yao yalikuwa sahihi na hayakuhesabiwa. Nataka wote elfu sita na mia nne wasahihishwe upya."

Profesa aligeuka. Alikuwa mtu mnene mwenye macho madogo makini, na alitabasamu kama anayetabasamia mwanafunzi mgumu. "Mwanasheria wetu. Kusahihisha upya kuna fomu. Fomu ina mstari wa sababu. Utaandika nini hapo? 'Kundi fulani la watahiniwa, wenye desturi fulani'? Sababu yenyewe ndiyo kosa la kifungu cha nne. Na Pazia likifunuliwa, kifungu cha tano kinasemaje? Nikumbushe, mama, wewe ndiye uliyekiandika."

"Mtihani wa mwaka huo unafutika. Kila mtahiniwa anarudishiwa jaribio lake. Hakuna darasa jipya hadi mwaka unaofuata."

"Na aliyefunua?"

"Anafutwa kwenye daftari la madaktari."

"Kwa maisha yake yote." Profesa aliketi. "Una kliniki yako ya Alhamisi, nadhani. Wagonjwa wangapi?"

"Arobaini kwa siku."

"Waage. Lakini tusiongee habari zako, maana unaweza kudhani nakutisha. Tuongee takwimu, unazozipenda." Alivuta kijitabu cha jalada la bluu, akakitupa mezani. "Utafiti wako, mwaka 2066. Mwaka mmoja bila darasa jipya la madaktari, nchi hii inapoteza watu elfu moja na mia mbili ambao wasingekufa. Namba yako. Umeilinda mbele ya Bunge. Weka upande huu wafu elfu moja na mia mbili, upande ule vijana mia nne na kumi na mbili watakaokwenda kuwa walimu na wahasibu na kuishi miaka themanini. Wewe ni mtu wa hesabu. Jumlisha."

Kokugonza alijumlisha. Hakuwa na la kupinga katika namba ile; ilikuwa nzuri, alitumia miaka mitatu kuipata.

"Hesabu hiyo ina upande mmoja," alisema. "Hatujui ni wagonjwa wangapi wanakufa kwa sababu hawakumwambia daktari habari za mizizi. Kwa miaka tisa tumekuwa tukichagua madaktari ambao hawaambiwi."

"Ni wangapi?"

"Haijulikani."

"Kwa nini haijulikani?"

"Kwa sababu nilikataza kuhesabu."

Rukia, aliyesimama karibu na mlango, alitazama sakafu.

"Safi," alisema Profesa. "Basi sikia ninachokupa, na hutapewa tena. Tia saini. Mwezi ujao Injinia hapa atashusha macho ya mashine hadi sakafuni. Kila mtahiniwa atavalishwa viatu vya kitambaa, vya kijivu, vya aina moja. Tutaandika 'matengenezo ya kawaida'. Pazia linabaki, viatu havionekani, wapiga magoti wanaonekana. Kuanzia mwakani haki tupu."

Viatu vya kitambaa. Kokugonza alihisi uso ukimwaka. Vifungu ishirini na viwili, kamati tatu, miaka tisa, na hakuna aliyefikiria kuwavua watu viatu vyao na kuwapa vingine. Alikuwa ameogopa macho kiasi kwamba dawa pekee aliyoiona ni giza.

"Na 2217?" aliuliza.

"Nani huyo?" Profesa alifungua viganja vyake. "Simjui. Na wewe humjui. Hatujui kama ni binti au mvulana, anatoka wapi, analia au anacheka. Huo ndio uzuri wa sheria yako, Daktari. Hakuna wa kumwomba radhi."

Nje tarumbeta lilipigwa, watu wakaitikia. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini.

Alilifikiria pendekezo lile kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu. Lilikuwa na faida nyingi. Lilimpendelea hata yeye. Lakini hati ya ukaguzi ilikuwa na sentensi moja tu juu ya mstari wa saini: *Nimekagua, na sikuona dosari.* Maneno manne. Aliyajaribu moja moja, na hakuona namna ya kuyaandika bila kusema uongo. Na chini ya hilo kulikuwa na jingine. Watu elfu tatu na mia tano, waliokwisha kuwa walimu na wahasibu, waliamini kwamba walipimwa wakaonekana hawatoshi. Matengenezo ya kawaida yasingewaambia kamwe kwamba hawakupimwa. Mwaka kufutika ndilo jambo pekee ambalo sheria ililazimisha lichunguzwe hadharani, tangu mwanzo.

"Kifungu cha nne kinataka kosa lishuhudiwe na watu wawili," alisema. "Nyinyi ni wawili, nami ndiye nitakayefunua Pazia. Tuteremke Chumba cha 17."

Profesa hakutabasamu tena. "Joto la kiganja cha mdoli si ushahidi. Nitasema mtambo ulikuwa mbovu. Nitasema mkaguzi amechoka. Nitaita bodi."

"Ndiyo maana nataka uone kwa macho yako."

"Unakwenda kuua watu, mama. Kwa namba yako mwenyewe."

"Najua namba yangu," Kokugonza alisema, akafungua mlango.

*

Chumba cha 17 kilikuwa na ukuta wa kioo upande mmoja, kwa ajili ya mafundi. Rukia aliwasha mtambo, akaweka skrini ya Msahihishaji pembeni mwa kioo, ili anayesimama pale aone mambo mawili kwa pamoja: chumba kilivyo, na chumba kama mashine ilivyokiona.

"Dokta," alisema akimfunga kifaa shingoni, na mikono yake haikuwa laini. "Usidhani nitakushukuru."

"Sikukuomba."

"Huwa huombi." Alikaza kamba. "Tamko lako, kwamba umefunua Pazia, liko tayari. Mimi nikibonyeza na yeye akibonyeza, linakwenda moja kwa moja kwenye ubao wa langoni. Halirudi."

Kokugonza alivaa joho la kijivu na barakoa, akaingia. Mzee Mpira aligeuza shingo. Alinuka kama wagonjwa wote wa figo aliowahi kuwatibu, na kwa mara ya kwanza ilimpitia kwamba hakuwahi hata siku moja kumkaribia hivi. Alimkagua miaka tisa kwenye karatasi.

Kwenye skrini umbo la kijivu lilisimama kando ya kitanda. Saa ilianza: dakika kumi na mbili.

Alipiga magoti. Goti la kushoto lilitangulia lenyewe; la kulia lililia kwa maumivu kwenye sakafu ya saruji. Aliuchukua mkono wa kulia wa Mzee.

Profesa Shemzigwa, nyuma ya kioo, alimwona mwanamke wa miaka hamsini na miwili amepiga magoti, kichwa chake kikiwa chini kidogo ya godoro. Kwenye skrini, sentimita hamsini kutoka kwenye pua yake, hakukuwa na mtu. MTAHINIWA AMEONDOKA KITANDANI. Alitazama huku, akatazama kule, akarudi huku.

"Shikamoo, baba," Kokugonza alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Marahaba. Daktari? Umekwenda wapi?"

"Nipo. Umeamkaje?"

Rukia alibonyeza. Kisha alisogea pembeni kumpisha Profesa, akamwangalia.

"Sibonyezi," Profesa alisema.

"Basi sema huoni."

Saa ya adhabu ilikuwa imefika dakika ya tatu. Ndani, sauti ile moja ilikuwa ikiuliza habari za wajukuu, mmoja mmoja, nani anasoma, nani anakohoa. Saa sita ilikuwa imebakiza dakika tisa.

"Naweza kusema sioni," Profesa alisema taratibu. "Unajua kwamba naweza."

"Najua. Na mie nitaandika kwamba ulisimama hapa, chumba kikiwa na taa, ukasema huoni. Chagua unachotaka kusomewa kwenye uchunguzi."

Profesa alimtukana Rukia tusi moja chafu, la watu wa sokoni, ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake. Halafu akabonyeza kwa nguvu kana kwamba anaua mdudu.

Hakuna kilichotokea chumbani. Nje, tarumbeta liliendelea kwa muda wa pumzi mbili tatu, likakatika katikati ya wimbo. Vigelegele vilidumu kidogo zaidi, kwa watu wa nyuma ambao hawakuwa wameusoma ubao, kisha navyo vikafa. Kukawa kimya kabisa. Kokugonza alikisikia kimya kile kupitia ukuta, na alijua ndani yake kuna vijana mia tatu ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Kisha mama mmoja akapiga ukunga, na baada yake kelele zikaanza, za wanaume, na kitu kizito kikaligonga lango la chuma. Kikaligonga tena.

"Dokta, toka," Rukia alisema kwenye kipaza sauti. "Watapanda huku."

Hakutoka. Zilibaki dakika nne, na Mzee Mpira alikuwa ameshusha pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo. Alikuwa daktari kwa dakika nne zaidi, au labda hakuwa tena. Sheria haikueleza ni saa ngapi hasa jina hufutwa. Ulikuwa uzembe wa mwandishi.

Dirisha la korido likavunjika.

"Daktari?" Mzee Mpira aliita, macho yake yakimtafuta ukutani. "Daktari, uko wapi?"

"Hapa chini, baba," Kokugonza alisema. "Endelea."